Mlingoti wa Mikumi

"Tandala Mbili, usishuke."

Hayo tu. Kisha kifaa cha sikioni kikakwaruza na kunyamaza.

Naserian Kulet alikuwa mita kumi na mbili juu ya ardhi, amekumbatia mlingoti wa chuma nyuma ya nyumba ya Mzee Filipo, mkanda wa usalama umemkaza kiunoni na kipande cha tepu ya mpira kimemning'inia mdomoni. Sauti ile ilikuwa ya Jastin, mwenzake wa kazi, na Tandala Mbili ni yeye Naserian. Sasa Jastin ni mtu anayeweza kukusimulia habari za chapati kwa nusu saa. Mtu wa namna hiyo akikwambia neno moja tu, ujue pameharibika.

Akatazama chini.

Geti likafunguka kwa kishindo. Ikaingia Land Cruiser nyeupe, na nyuma yake lori la Fuso lililofunikwa turubai la bluu.

Lori lile alilijua. Yeye na Jastin walikuwa wakilifuatilia tangu mwezi uliopita, kwa tuhuma za kubeba pembe za ndovu. Idara yao haina kibao mlangoni wala sare, na kwa watu wa Mikumi Naserian alikuwa fundi wa antena, basi. Wala haukuwa uongo mtupu. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, Mzee Filipo hutafuta mtu wa kupanda mlingoti wake. Ni mwalimu mstaafu, na raha yake ni redio ya ridhaa, zile redio ambazo watu huongea nazo nchi na nchi kwa mapenzi tu, bila kulipwa na yeyote. Mlingoti unataka kukwanguliwa kutu, waya kukazwa, viungo kuzibwa maji yasiingie, na manyigu kufukuzwa. Mafundi wa mji humkimbia kwa sababu ya hao manyigu.

Idara haikukimbia. Ukiwa juu ya mlingoti ule unayaona maegesho yote ya malori ya barabara ya Iringa kama wali kwenye sinia.

Mahali pazuri pa kutazama, pabaya pa kujificha.

Kutoka kwenye Land Cruiser alishuka mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa na viatu vinavyong'aa. Nickson. Idara ilikuwa na picha zake kadhaa, zote za kisogo. Na hata sasa, kutoka huko juu, Naserian alichojaliwa kukiona ni kisogo tu.

Nyuma yake likafuata jitu moja lenye SMG begani. Wenzake walimwita Kinyozi, na hakuna aliyewahi kumwona na mkasi.

"Shikamoo, mzee," Nickson alisema.

"Marahaba." Mzee Filipo alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Geti langu lina kengele, lakini."

"Tusamehe. Antena ya lori letu imevunjwa na tawi huko njiani. Nina neno moja tu la kusema hewani. Mikumi nzima imetuambia, nendeni kwa mzee mwenye mlingoti."

Kinyozi akainua macho.

"Bosi. Kuna mtu juu."

Mdomo wa SMG ukapanda taratibu mpaka ukamtazama Naserian usoni.

"Ni fundi wangu huyo," Mzee Filipo alisema. "Anaandaa antena kabla ya mvua. Mwacheni binti wa watu."

"Fundi mwanamke?"

"Manyigu hawaulizi."

Nickson akacheka. "Basi abaki huko huko. Kinyozi, akishusha mguu hata mmoja, mpige."

Ikawa hivyo. Mtu aliyefungwa mkanda juu ya mlingoti ni mahabusu asiyehitaji pingu. Bastola yake, Glock ndogo, ilikuwa chini kwenye sanduku la vifaa, imelala chini ya waya. Simu ilikuwa humo humo. Redio ya mkononi iliyofungwa mbavuni mwake ilisikika na mtu mmoja tu duniani, naye ni Jastin.

Nickson akatia mkono mfukoni, akatoa redio ya Jastin, Motorola.

"Tandala Mbili," alisema.

Naserian alimsikia mara mbili: mara moja kutoka uani, mara moja ndani ya sikio lake.

"Tandala Mbili, jina lako nimelisoma kwenye kioo cha redio hii. Rafiki yako yuko hai. Yumo kwenye lori, amelala juu ya pembe. Ukijitokeza tutazungumza. Usipojitokeza, kwenye ndege ya leo kuna nafasi ya abiria mmoja. Wa kwenda tu."

Kipaza sauti kilikuwa chini ya kola yake, umbali wa kidevu. Mkono wa kubonyezea kitufe ulikuwa huru. Akauma tepu.

Aliogopa, na nani asingeogopa? Alikuwa mtoto wa wafugaji wa bondeni Kilosa, amekua akichunga ng'ombe kwenye mbuga yenye simba, lakini simba ana heshima yake, unaweza kumpisha njia. Hapa hapakuwa na njia. Chuma kilianza kumchoma mapajani kwa jua la saa nne. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Jastin alikuwemo. Mzee wa watu hakuwemo, na sasa wote watatu walikuwa ndani.

Kutoka dirisha la chumba cha redio, lililokuwa wazi mbele ya mlingoti, sauti ya Nickson ikatoka imechacha.

"Mbona haiwaki?"

"Haiwezi kuwaka," Mzee Filipo alijibu. "Fyuzi anayo fundi."

"Fyuzi inafanya nini kwa fundi?"

"Ndiyo desturi yetu. Anayepanda hupanda na fyuzi ya redio mfukoni. Mtu akirusha mawimbi wakati mwenzake ameshika antena, inamuunguza mpaka mfupa. Kwa hiyo roho yake anaibeba mwenyewe."

Nickson akatoa kichwa dirishani. Safari hii Naserian aliuona uso. Ulikuwa uso wa kawaida kabisa, wa mtu unayeweza kumpa siti ndani ya basi.

"Wewe. Shusha fyuzi. Na hiyo antena iwe tayari."

"Nishuke kwanza, kaka. Nikiwa huku na nyie mkiwasha, nitaungua."

Kinyozi akaikoki bunduki.

Naserian akaifunga fyuzi ndani ya kopo la grisi tupu na kuliteremsha kwa kamba. Alilitazama likishuka polepole, likamfikia Kinyozi mkononi, na akahisi kabisa kwamba amewapa watu wabaya kitu chake cha mwisho. Kisha akafunga kiungo cha kebo kichwani mwa antena kama alivyoamriwa.

Mpango wa Nickson aliuelewa vizuri kuliko hata Nickson alivyodhani. Jumamosi asubuhi watu wa redio za ridhaa hukutana hewani na kuulizana hali. Katikati ya porojo zile hakuna anayeshtuka mtu akitaja mvua. Idara ilishanasa maneno hayo hayo mara mbili: Mikumi mvua bado, ardhi kavu. Kila yaliposemwa, ndege ndogo isiyo na namba iliruka kutoka kusikojulikana, ikatua mahali, ikapakia pembe za ndovu na kupotelea upande wa bahari. Rubani asipoyasikia kabla ya saa tano, haruki.

Na akiruka, Jastin atatupwa baharini.

"Washa yote," Nickson aliamuru. "Na hilo dude pia."

"Ampilifaya? Kwa Kilosa haihitajiki. Itakuwa kama kupiga nzi kwa mchi."

"Yote!"

Ndani, valvu za zamani zikaanza kuunguruma. Spika ya redio ikakohoa, na sauti ya mwanamke ikajaza ua mzima, nzito, ya mtu aliyezoea kukemea kwaya.

"Hapa Kilosa. Mikumi tunakusubiri wewe tu leo. Umelala?"

Nickson akaweka bastola kwenye shingo ya Mzee Filipo. Naserian aliona mkono tu na kile chuma cheusi.

Mzee akabonyeza kitufe.

"Kilosa, hapa Mikumi. Bibi Hildegarda, shikamoo."

Hewa ikanyamaza.

Nickson hakushtuka. Ashtuke nini? Kwa sauti ile mtu yeyote angeapa kwamba Bibi Hildegarda ni mama yake Mzee Filipo. Lakini Naserian alimsikia jana yake wakati wa kujaribu mitambo. Hildegarda ni mdogo wake Mzee Filipo, kitindamimba, aliyebebwa mgongoni na kaka yake huyo huyo. Jana alimwamkia kaka yake kwanza, hata kabla ya kutaja jina la kituo. Katika ukoo wao, kaka kumwamkia mdogo wake ni sawa na mvua kunyesha kutoka ardhini.

Mzee alikuwa anapiga yowe mbele ya bastola, na mwenye bastola hasikii.

Je, na yeye Hildegarda alisikia?

"Marahaba, mwanangu Filipo," Kilosa ilijibu taratibu. "Marahaba sana. Nipe hali ya hewa huko."

Mwanangu! Naserian nusura acheke kwa sauti. Mama yule alikuwa na akili kama wembe.

Yowe limefika. Sasa maneno ya pili yasifike.

Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kiungo cha kebo. Akakizungusha. Mara moja, mara mbili. Kilikuwa kimeng'ang'ania kwa grisi aliyoipaka mwenyewe. Mara ya tatu. Chini akasikia kitufe kikibonyezwa, na kiungo kikamtoka mkononi wakati ule ule.

Moto mweupe ukampita vidoleni.

"Mikumi mvua bado, ardhi kavu," alisema Mzee Filipo, na maneno yakapanda kebo yote mpaka kileleni, yakafia mkononi mwa Naserian. Harufu ya nyama yake mwenyewe ikampanda puani. Machozi yakamtoka. Meno yakazama kwenye tepu, na hakulia.

Baada ya hapo ikabaki sauti ya mchanga tu hewani.

"Mbona hawajibu?" Nickson aliuliza.

"Mawimbi haya yana wenyewe. Huzama, huibuka."

"Rubani hubonyeza mara mbili kuonyesha amesikia. Hajabonyeza." Kichwa kikatoka tena dirishani. "Fundi! Kuna nini huko?"

"Kutu, kaka! Kiungo kimekufa. Nipe muda nikikwangue."

"Muda gani?"

"Kidogo."

Akakwangua. Alikwangua pasipo na kutu, akafuta pasipo na vumbi, vidole viwili vimevimba na kung'aa. Kila alipotazama barabarani aliona malori, mabasi, akina mama na vitunguu vyao. Polisi hawakuwepo. Labda Hildegarda bado anapiga simu. Labda yupo anabishana na mtu asiyeelewa kwa nini shikamoo ni habari ya kituo cha polisi.

Nickson alitazama saa yake. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka ilianza kumla.

"Kinyozi. Mlete yule."

Turubai likafunuliwa. Jastin akavutwa nje, mikono imefungwa nyuma, jicho moja limeziba kabisa. Akapigishwa magoti chini ya mlingoti. Akainua uso, akamwona Naserian, na papo hapo akaangalia pembeni kana kwamba ameona ndege tu.

"Fundi!" Nickson aliita. "Huyu humjui, na yeye hakujui. Lakini hewa isipofunguka sasa hivi, atakufa mbele yako, na wewe utafuata. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akikifunga kiungo, rubani atasikia na Jastin ataondoka na ndege. Asipokifunga, Jastin hatafika hata kwenye ndege. Akamtazama mwenzake, vumbi kichwani. Nitakushusha vipi hapa, alijiuliza, wakati mimi mwenyewe sijui nitashukaje?

Ndipo alipouona waya.

Antena ya Mzee Filipo ilikuwa na mikono miwili ya waya wa shaba. Mmoja ulinyooka hewani mpaka kwenye mwarobaini wa pembeni. Wa pili alikuwa ameufungua asubuhi ili ausafishe, na sasa ulining'inia kutoka kileleni hadi uani. Ncha yake ilicheza usawa wa sikio la Kinyozi. Mara mbili alishausukuma kwa mdomo wa bunduki kama mtu anayefukuza nzi.

Antena ina tabia moja ambayo kila mtu wa redio huijua na watu wengine hawana sababu ya kuijua. Ikirusha mawimbi, katikati inauma. Kwenye ncha inaua hamu ya kushika kitu chochote tena.

Naserian akafunga kiungo. Akakikaza.

"Tayari, bosi!" alipaza sauti. "Ila huo waya hapo chini unagusa mlingoti, ndio uliokuwa unaharibu. Huyo kaka aushike ncha, ausogeze mbali. Aushike vizuri, na mkono mzima!"

"Kinyozi, shika," Nickson akasema.

Kinyozi akaitundika SMG begani, akaukamata waya kwa ngumi.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Asante, kaka. Mzee! Hewani!"

Mzee Filipo akageuza shingo dirishani. Aliona ngumi ya Kinyozi. Aliona waya ulikotoka. Alikuwa amefundisha watu redio maisha yake yote, na kosa hilo hakuwahi kumruhusu hata mwanafunzi mbishi kuliko wote. Uso wake haukubadilika. Akabonyeza kitufe kwa nguvu zote za ampilifaya na kuanza kuhesabu kama wafanyavyo wanaojaribu mitambo.

"Mojaaa! Mbiliii! Tatuuu!"

Kinyozi alitoa ukelele ambao mbwa wa Mikumi waliujibu.

Aliruka, akaanguka chali, ngumi inafuka moshi, SMG ikamtoka begani na kubiringika vumbini. Jastin hakuwa na mikono ya kuiokota. Alijitupa juu yake na kuikalia.

Nickson akachomoka mlangoni, bastola mkono wa kulia, Motorola mkono wa kushoto.

Naserian alikuwa ameshafungua mkanda. Kulabu yake aliinasa kwenye waya mnene ulioshikilia mlingoti, ule unaoteremka mpaka karibu na mlango. Akabonyeza kitufe chini ya kola.

"Tandala Mbili niko hapa," alisema taratibu. "Tazama juu."

Sauti ilitoka mkononi mwa Nickson mwenyewe. Aliitazama Motorola kwanza. Hilo lilikuwa kosa lake la mwisho kwa siku ile. Alipoinua macho, buti mbili zilikuwa zimeshafika kifuani.

Bastola ikaruka huku, viatu vinavyong'aa vikaruka kule.

Dereva wa lori aliwasha injini, akaona mwanamke anainuka vumbini na bastola mkononi, akaizima mwenyewe na kutoa mikono dirishani. Wapo watu wenye busara kila mahali.

Polisi wa Mikumi waliingia muda mfupi baadaye. Hildegarda alikuwa amewapigia na kuwafokea mpaka wakakimbia. Nickson alikuwa amefungwa kwa waya wa shaba uliosafishwa vizuri. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkono ndani ya ndoo ya maji, analia polepole, na Mzee Filipo amemletea chai.

Naserian akachukua simu sandukuni.

"Sema," ilijibu sauti ya Mama Teresia, mkuu wake.

"Mzigo tunao. Tandala Moja yuko hai. Ndege ingetua uwanja wa zamani kwenye shamba la mkonge, upande wa Kilosa. Jastin aliwasikia garini."

"Rubani anajua kilichotokea?"

"Alichosikia ni mzee anahesabu. Saa tano bado."

"Basi mwacheni aje. Nitampelekea wenyeji."

Mzee Filipo akarudi kwenye kiti chake, akajifuta jasho, akabonyeza kitufe kwa hiari yake. Mikumi mvua bado, alisema, ardhi kavu. Mahali fulani mbali, mtu akabonyeza mara mbili.

Habari iliwafikia baada ya adhuhuri. Ndege ilitua kwenye mkonge, rubani akazima injini na kufungua mlango akitafuta lori, akakuta polisi na askari wa wanyamapori wamekaa kivulini wakimsubiri.

Jastin alikuwa amelazwa kwenye gari la wagonjwa wakati huo. Aliomba simu. Mkewe, Lightness, alipokea kabla haijaita mara ya pili, na Naserian aliyekuwa amemshikia simu sikioni alisikia kila neno.

"Tangu jana, Jastin! Tangu jana nakupigia! Mtoto anapiga mateke humu tumboni usiku kucha, sijalala, na wewe umezima simu, uko wapi? Uko na nani?"

"Niko Mikumi, mama. Mtandao ulikuwa mbovu."

"Mtandao! Kila siku mtandao! Unakuja leo au huji?"

Machozi yalimtiririka Jastin mpaka masikioni. Akabaki anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kana kwamba mkewe anamwona.

"Anakuja, wifi," Naserian alisema badala yake. "Leo leo. Mwandalie maji ya kuoga."

Akakata simu, akaiweka kifuani mwa mwenzake, akafunga mlango wa gari. Akamuaga Mzee Filipo, akatoka getini.

Kando ya lami mama mmoja alikuwa anauza mayai ya kuchemsha. Naserian alinunua moja, akajaribu kulimenya, vidole vikakataa.

"Leta, mwanangu," mama akasema. Akalimenya, akalipasua, akatia kachumbari. "Mkono umeungua na nini?"

"Mafuta ya maandazi, mama."

"Pole. Uwe unaangalia."

"Nitaangalia," alisema Naserian, akapunga mkono ule mzima kusimamisha basi la Morogoro.